Shemeji Alivyomwomba Askofu Amng'oe Kaka Yangu Madhabahuni

"Baba Askofu, naomba umtoe mume wangu kwenye hili kanisa. Umtoe leo leo."

Maneno hayo yaliniingia masikioni kupitia hedifoni, Jumapili asubuhi, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai na mwingine uko kwenye vitufe vya sauti.

Chai ikanimwagikia mapajani. Wala sikuhisi moto!

Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya shemeji yangu, mke wa kaka yangu wa damu. Na kaka yangu ndiye mchungaji wa kanisa lile.

Ngoja niwaweke sawa kwanza, msije mkanipotea njiani...

Mimi ni fundi mitambo. Chuo niliachia mwaka wa tatu, na mama mpaka leo akiulizwa anajibu kwamba niko likizo. Likizo gani hiyo ndugu zangu, hata kobe angekuwa ameshafika! Kaka ndiye aliyeniokota mtaani, akaniweka nyuma ya ukumbi wake, akaniambia nishike vitufe na nishike adabu. Vitufe nilivishika.

Kaka yangu walimwita Mafuriko.

Si jina la kubatizwa. Watu walimpa kwa sababu akihubiri, ukumbi unajaa, veranda inajaa, uwanja wa magari unajaa, na wanaobaki wanasimama nje chini ya turubai wakimtazama kwenye skrini kubwa. Alianzia kwenye banda la kuoshea magari, mvua ikigonga bati hakuna anayesikia neno. Kutoka pale mpaka pale... si mchezo.

Jumapili hiyo Askofu alikuwa amekuja kumpandisha cheo. Awe mwangalizi wa makanisa yote ya ukanda ule. Katibu wa kanisa alikuwa ameshatengeneza mpaka video ya kumpongeza, yenye tarumbeta na tai anaruka.

Sasa, kuhusu hiyo sauti.

Shemeji ndiye aliyekuwa akifungua ibada kwa matangazo ya akina mama. Nilikuwa nimembana maiki ndogo kwenye kola mimi mwenyewe, nikamwelekeza azime kile kiboksi cha kiunoni mpaka nimpe ishara. Hakuna mtu anayekumbuka kuzima. Hakuna! Watu huingia nacho chooni. Watu husengenya nacho. Fundi mitambo yeyote ana siri za kujaza gunia, kazi yetu ni kuziba upande wa ukumbi na kujifanya hatuna masikio.

Ukumbi nilikuwa nimeuziba. Masikio yangu sikuyaziba.

"Mwanangu," Askofu akamjibu taratibu, "unajua nimekuja kumpa nini leo?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuwahi."

"Na yeye anajua unachoniomba?"

"Hajui. Na nakusihi, asijue kamwe kwamba ni mimi."

Nikasikia kiti kinavutwa. Nikasikia mzee anakohoa. Nikasubiri amkemee, amwambie toka mbele yangu ewe Yezebeli...

"Haya," Askofu akasema. "Nimekusikia. Nitatangaza leo."

Halafu mchakacho wa nguo, na kiboksi kikazimwa.

Haya?

Yaani mtu anaomba mume wake ang'olewe, na jibu ni haya? Kama anaomba chumvi?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekisikia kwenye kola kabisa!

Nikakaa pale kama nimemwagiwa zege. Nyumba tuliyokuwa tunaishi ilikuwa ya kanisa. Gari la kanisa. Mimi mwenyewe wa kanisa. Lakini hayo ya tumbo ningeyameza. Kilichonichoma ni kaka. Mtu aliyejenga kitu kwa mikono yake, anyang'anywe mbele ya umati ule, siku ya sherehe yake, na aliyemuuza analala naye kitanda kimoja...

Nikavua hedifoni. Nikatoka mbio.

Ofisi ya kaka iko mwisho wa korido, nyuma ya jukwaa. Mlangoni wamesimama walinzi wawili, suti nyeusi, shingo kama mitungi ya gesi.

Nikawaambia nataka kumwona Mchungaji mara moja. Wakaniambia Mchungaji haonani na mtu kabla ya ibada. Nikawaambia mimi si mtu, mimi ni mdogo wake. Yule mnene akanitazama toka juu mpaka chini, akafika kwenye doa la chai pale mapajani, akatabasamu.

"Hata mama yake juzi alisubiri hapa mpaka akachoka," akasema. "Wewe una nini cha kumzidi mama?"

Ukweli wenyewe, sikumbuki mara ya mwisho nilizungumza na kaka uso kwa uso. Nilikuwa namsikia kila wiki, pumzi yake, kikohozi chake, mate yake yakimezwa. Lakini kuongea naye... tulikuwa tunaongea kupitia Katibu, kama nchi mbili zilizokosana.

Nikazunguka nje, labda nimwite kwa dirishani. Hapo nikamkuta dereva wake anafuta kioo cha gari. Kuniona navyohema, akaanza kujitetea kabla sijafungua mdomo.

"Kama ni habari ya nyumba ya mjane, mimi sijamwambia mtu."

Nikasimama.

"Nyumba ya mjane gani?"

Akajua ameyakoroga. Nikambana. Akayamwaga yote. Kumbe kila Jumanne mchana anamshusha kaka pembeni ya barabara, mbali kidogo. Kaka anavaa kofia, anaivuta mpaka kwenye nyusi, anaingia uchochoroni kwa miguu. Anakaa humo muda mrefu. Akitoka, dereva akasema huku akikwepa macho yangu, anatoka anang'aa.

Mjane mwenyewe nilimjua. Nilikuwepo wakati wa kumzika mumewe.

Msiba ule sitausahau, na naomba niwaeleze sasa hivi ili tuende pamoja. Marehemu alikuwa mshiriki wa siku nyingi, mwenye kukaa mstari wa pili kila Jumapili. Mimi nilipeleka spika makaburini. Kaka alifika amechelewa, ametoka kwenye mkutano, anawahi mwingine. Akauliza marehemu alikuwa nani, mtu akamnong'oneza kwamba ni yule wa mstari wa pili. Ikatosha. Mafuriko akashika maiki, akafunguka.

Akasema atamkumbuka marehemu kwa sauti yake. Kila Jumapili, akasema, nikiwa jukwaani nilikuwa naisikia ile sauti nzito ikipanda kutoka mstari wa pili, ikiimba kuliko kwaya nzima. Sauti ile sasa inaimba mbinguni.

Watu wakatazamana.

Mjane akasogea. Alitaka kumwambia pembeni, kwa heshima. Lakini kaka alikuwa bado ameshika maiki, na maiki haijui pembeni ni wapi.

"Mchungaji, mume wangu alikuwa kiziwi tangu mtoto. Hajawahi kuimba."

Spika zangu zikayatangaza maneno hayo makaburini kote.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Kaka akaomba radhi, akafunga kwa sala fupi, akaondoka. Jioni Katibu akasema lisizungumzwe tena. Na halikuzungumzwa.

Sasa leo dereva ananiambia kaka anakwenda kwa huyo huyo mjane. Kila Jumanne. Kwa kofia.

Nikajumlisha moja na moja, kama mlivyojumlisha ninyi hapo mlipo. Msikatae, nawaona.

Nikamkuta shemeji kwenye korido ya kwaya, anajitazama kwenye kioo. Nikafunga mlango. Nikamwambia nimesikia.

Hakuuliza nimesikia nini. Aligusa kola yake, akafumba macho.

"Umemwambia?"

"Walinzi wamenizuia. Lakini nitamwambia. Shemeji, kweli? Kama amekukosea, si mngekaa chini? Kuna wazee, kuna mama..."

"Ukimwambia utamuua."

"Na wewe unamfanya nini?"

Akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu, lakini si ya hasira. Hilo nililiona, nikalipuuza, kwa sababu nilishajua kila kitu. Mtu aliyeishia mwaka wa tatu hujua kila kitu kuliko aliyemaliza.

"Nilimfuata Jumanne moja," akasema. "Nikasimama kwenye dirisha la yule mjane. Nikamwona, shemeji. Nikamwona kwa macho yangu mume wangu, na..."

Mlango ukafunguliwa. Muda, mama, muda, wakasema watu wa kwaya. Wakamshika mkono, wakaondoka naye.

Na mimi nikabaki na nusu ya sentensi. Nusu iliyobaki nikaijazia mwenyewe.

Ibada ikaanza.

Jamani, ukumbi ulikuwa umefurika! Akina mama wamevaa sare, watoto wamebebwa mabegani. Nje, chini ya turubai, watu wanapepea nyuso kwa karatasi. Mama yangu mbele kabisa, kiti cha heshima, kilemba kama jengo la ghorofa.

Kaka akatoka. Kelele ikapanda mpaka taa za mitambo yangu zikawa nyekundu. Akaketi. Hakutabasamu. Askofu akaketi kando yake. Shemeji kando ya Askofu, ametulia kama picha.

Nikawa nahesabu nyimbo. Wimbo wa kwanza. Wa pili. Nikajiambia: akishika maiki huyu mzee, kaka ameisha. Na maiki ya mzee iko chini ya kidole changu.

Askofu akasimama. Ukumbi ukatulia.

"Bwana asifiwe," akaanza. "Nimekuja na habari kuhusu mchungaji wenu..."

Nikazima.

Si yake tu. Nikazima zote. Kwaya, kinanda, jukwaa, skrini za nje, kila kitu. Ukumbi mzima ukawa kama umezamishwa majini.

Mdomo wa Askofu ukaendelea kucheza kidogo, kisha ukasimama. Na umati wote, kama shamba la alizeti, ukageuka nyuma kunitazama mimi!

Vichwa vyote. Kilemba cha mama. Kwaya. Katibu, anayekuja mbio na jasho.

Wote... isipokuwa mstari wa pili.

Mstari wa pili hawakugeuka.

Kulikuwa na watu kadhaa pale, wamekaa bega kwa bega, wazee, vijana, mama mmoja na binti yake. Yule mjane pembeni yao, yeye ndiye pekee aliyegeuka. Wengine waliendelea kumtazama Askofu usoni, kwa utulivu uleule, kama watu ambao hakuna kitu chochote kilichowabadilikia.

Kwa sababu hakuna kilichokuwa kimewabadilikia.

Nimekaa nyuma ya mitambo ile miaka. Nimebishana na mafundi kuhusu besi, kuhusu mwangwi, kuhusu waya wa kushoto na wa kulia. Na mbele yangu, kila Jumapili, kulikuwa na mstari wa watu ambao sauti yangu haijawahi kuwafikia hata mara moja, na sikuwahi kujua wapo.

Katibu akafika, akanikunja shati. Akaniambia niwashe kabla hajanitoa meno. Nikamwambia umeme umegoma. Akaniambia mbona taa zinawaka. Nikamwambia umeme una siri nyingi.

Hapo nikamwona kaka.

Alikuwa ameshuka jukwaani. Anapita katikati ya watu, walinzi wanamkimbilia, yeye anawasukuma kwa mkono. Akafika. Akamwambia Katibu atupishe. Katibu akataka kubisha, akamtazama usoni, akatupisha.

Kaka yangu. Uso kwa uso. Amezeeka, nikaona. Lini amezeeka?

"Washa, mdogo wangu."

"Siwashi."

"Watu wanasubiri."

Nikamvuta sikio. Nikamnong'oneza kwamba mzee hakuja kumpandisha, amekuja kumng'oa. Akipata maiki tu, basi tena.

"Najua," akasema.

"Hujui. Aliyeomba ni shemeji. Nimemsikia kwa masikio yangu haya."

Uso ukamgeuka. Akashika ukingo wa meza.

"Mke wangu? Amesema nini hasa? Nipe maneno yake."

Nikampa neno kwa neno. Umtoe leo leo. Hajui. Asijue kamwe kwamba ni mimi.

Akainamisha kichwa juu ya mitambo. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemuua. Nikamwekea mkono mgongoni, umati wote unatuangalia...

Alikuwa anacheka.

Machozi yanamtoka, pua inamtoka, anacheka kimyakimya kama tulivyokuwa tukicheka kanisani utotoni, mama akitufinya.

"Alhamisi nilikwenda kwa Askofu," akasema alipopata pumzi. "Nikamwomba hilo hilo. Aniondoe. Na nikamwomba mke wangu asijue kamwe kwamba ni mimi."

Ndugu zangu, nilikosa pa kuweka mikono.

Ndiyo maana mzee alijibu haya! Alikuwa amebeba siri mbili zinazofanana kama mapacha, na kila mwenye siri amemwapisha asimwambie mwenzake!

"Nilidhani itamvunja," kaka akaendelea. "Hii nyumba, hili jina. Nilidhani anayapenda."

"Na yule mjane?" nikauliza. Ilibidi. "Jumanne? Kofia?"

Hakushtuka. Akaelekeza kidevu mbele.

"Unauona mstari wa pili?"

"Nimeuona sasa hivi."

"Mimi niliuona makaburini. Marehemu ndiye aliyewaleta viziwi wenzake, mmoja mmoja. Wanakaa pale ili wasome midomo yangu. Na mimi natembea jukwaani kama simba kwenye kizimba, naenda, narudi, nageuka. Miaka yote hiyo nimewahubiria kisogo."

Akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Nakwenda pale kujifunza lugha ya ishara. Mwalimu wangu ni mtoto wa marehemu. Ananipiga na rula."

Halafu akaniambia niwashe, na maiki ya Askofu niipandishe kidogo kwa kuwa mzee anaongea polepole. Akageuka, akarudi alikotoka. Safari hii hakukimbia. Alikuwa anasimama, anashika watu mikono, anawauliza habari zao. Ilimchukua muda mpaka Askofu akakaa kumsubiri.

Nikawasha.

Askofu hakuzunguka sana. Alisema alikuja na kiti kikubwa kwa ajili ya mchungaji wetu, na mchungaji amekikataa. Ameomba apewe watu wa mstari wa pili na wenzao walioko majumbani, ambao hawana mtu wa kuwahubiria kwa lugha yao. Kanisa hili litapata mchungaji mwingine.

Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma yangu mtu akasema amefukuzwa huyo, mwingine akasema lazima kuna mwanamke. Katibu alikuwa ameketi kwenye ngazi, kichwa mikononi, video yake ya tai anayeruka imemfia kwenye kompyuta.

Kaka akaenda kusimama mbele ya mstari wa pili. Akasimama wima, bila kutembea. Akainua mikono, akaanza kusema nao. Polepole, kama mtoto anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza. Sijui alisema nini. Mama mmoja pale akaziba mdomo kwa kanga.

Na shemeji? Shemeji alimtazama mumewe. Kisha akamtazama Askofu. Askofu akatazama dari. Kisha mume na mke wakatazamana, kama watoto wawili waliokutana gizani kwenye kabati la sukari.

Mchana ule, tukifunga vitu, ndipo shemeji aliponimalizia ile sentensi yake.

"Nilimwona na mtoto wa yule mjane. Anakosea, wanamcheka, na yeye anacheka. Nilikuwa nimesahau mume wangu anachekaje. Nikasema nikimwacha apandishwe hiki cheo, sitamwona tena akicheka mpaka nimzike."

Sasa msidhani baada ya hapo malaika waliimba. Tulihamia kwenye vyumba viwili, watoto wakabanana. Gari likaenda. Mitandaoni wakasema kaka alifumaniwa, wakasema ameiba, wakasema amerogwa. Mama alifungia kilemba chake sandukuni, akaugua kwa aibu. Siku moja akanitazama mimi, akamtazama kaka, akashusha pumzi.

"Huyu kashuka chuo, huyu kashuka madhabahuni. Kumbe nilizaa ngazi ya kushukia."

Na kanisa kubwa, kwa taarifa yenu, halikufa. Lilijaa zaidi. Wameongeza turubai.

Sisi tunakutana kwenye darasa la ushonaji, cherehani tunazisukuma ukutani. Mimi sina mitambo tena, nani ananihitaji? Siku hizi napanga taa. Ndiyo, taa! Kwenye ibada ile, mhubiri akisimama penye kivuli ni sawa na maiki kukatika. Lazima mwanga uangukie mikono na uso. Na mtu akinyanyuka kushuhudia, namkimbilia na taa ya mkono kama mwehu.

Kaka bado anakosea ishara. Akikosea, mjane anasimama, anamshika vidole, anavipanga upya mbele ya watu wote, na chumba kizima kinaangua kicheko. Mafuriko, aliyekuwa haguswi na mtu bila ruhusa ya walinzi!

Jumapili moja Katibu akatutembelea. Ametumwa na makao makuu kuangalia kazi inaendaje. Alikaa ibada nzima anageuza shingo, hajui atazame wapi. Mwishoni akamvuta kaka pembeni. Nilikuwa juu ya meza nashusha taa, nikasikia yote. Tabia haiachi.

"Mchungaji, nikawaambie nini? Mmefika wangapi?"

Kaka akatazama chumba.

"Yule wa dirishani ni fundi viatu," akasema. "Mkewe kajifungua. Mtoto anasikia, na wao wanaogopa hawatamsikia akilia, kwa hiyo tunazungumza na jirani yao. Anayekunja viti aligombana na baba yake, sasa wamepatana, lakini bado hawali sahani moja. Yule binti anataka kusomea uuguzi, shule imemwambia haiwezekani, na kesho nakwenda naye kuwauliza kwa nini. Mzee mwenye fimbo hana tatizo lolote, anapenda tu kutembelewa. Huyu anayecheka..."

"Mchungaji," Katibu akamkatiza kwa upole, "mimi nimeuliza idadi."

"Ndiyo nahesabu," kaka akasema. "Sasa umenipotezea. Acha nianze tena na fundi viatu."

Na akaanza tena. Katibu akatafuta kiti, akakaa.

Wanangu, mimi si mhubiri, na chuo mnajua nilikiishia wapi. Lakini mchungaji unayenisoma, na wewe unayempima mchungaji wako kwa urefu wa foleni ya magari nje: kujulikana na umati ni jambo la spika tu, hata mimi naweza kukupangia. Kuwajua ndiyo kazi. Mwenye kondoo watu humuuliza ana wangapi, lakini kondoo mwenyewe swali lake ni moja tu, kama mchungaji anamjua.

Wengine mtaandika hapo chini kwamba kaka yangu aliporomoka. Andikeni. Mimi niko hapa juu ya meza na taa yangu mkononi, ibada imekwisha zamani, na yeye bado hajafika nusu ya chumba.